Unataka kununua Kindle ya zamani? Soma hapa kwanza

Juzi kuna msomaji wangu anasoma chuo Morogoro kaniandikia: "Kaka shikamoo, kuna mtu ananiuzia Kindle ya zamani, bei ya kutupa, nichukue?" Marahaba mdogo wangu. Nakujibu hapa hapa maana hili swali naulizwa sana. Kwa asiyeijua, Kindle ni kidude cha kusomea vitabu cha kampuni ya Amazon.

Mimi hivi vitu nimeanza navyo zamani. Mjomba alinitumia Kindle ya kwanza kabisa kutoka Marekani, ile nyeupe yenye kibodi chini ya kioo. Ilitoka Novemba 2007 kwa dola 399, na mzigo wa kwanza uliisha ndani ya saa tano na nusu. Ila huku kwetu ilitaka moyo. Netiweki yake ilikuwa ya Sprint ya Marekani tu, Wi-Fi haina, kwahiyo kila kitabu unakitia kwa waya wa USB. PDF haisomi mpaka uibadilishe, na notsi zangu zote zilikuwa PDF! Kioo inchi 6, kijivu cha aina nne basi, ukigeuza ukurasa kinapiga weusi kwanza ndo maandishi yatokee. Taa haina. Kazini wakasema najionyesha na kidude kisichopiga hata simu, na yale maneno bado nayakumbuka.

Lakini kioo kile jamani! Ndani kuna vifuko vidogo mno vyenye chembe nyeusi na nyeupe, umeme unazivuta juu au chini, zikishakaa hazili chaji tena mpaka ugeuze ukurasa. Juani unasoma kama karatasi. Kipindi cha mgao simu za wenzangu zinazima, mimi naendelea tu na tochi yangu pembeni, na mitihani yangu ya bodi nimeisomea humo nikafaulu, waliocheka wapo na wanajua.

Kilichoniuma ni vitabu vyenyewe. Kuna duka la mtandaoni nililipa hela yangu halali, likafungwa, vitabu nilivyonunua vikagoma kufunguka maana vilikuwa na kufuli na ufunguo uko kwao. Na ugonjwa huu ni wa tangu mwanzo. Sony walipotoa kidude chao cha kusomea, Librié, Japani mwaka 2004, vitabu vyake vilijifunga baada ya siku 60. Julai 2009 Amazon wakafuta nakala za riwaya iitwayo 1984 ya George Orwell ndani ya Kindle za watu waliokwisha kulipa, bosi wao wa wakati huo Jeff Bezos akaja kuomba radhi. Sasa wewe unanunua kitabu au unaazimwa?

Ndo maana nasema, vijana wenzangu mnaotaka kusoma mfike mbali, msihangaike na kidude, hangaikieni faili. Faili liwe lako, likae kwenye kompyuta yako, tumia programu ya Calibre, ni ya bure na inabadilisha EPUB (aina ya faili la kitabu) kwenda muundo ambao Kindle ya zamani inausoma. Narudia, faili liwe lako. Na wachapishaji wetu wa Dar na Nairobi tuuzieni EPUB zisizo na kufuli, riwaya za Kiswahili humo ni za kutafuta kwa tochi wakati wasomaji tupo na hela tunayo!

Mdogo wangu, kama ni ile ya 2007 achana nayo. Tafuta Kindle Paperwhite, zile za kuanzia 2012, zina taa na Wi-Fi. Chomeka USB mbele ya muuzaji uone inasoma, geuza kurasa kadhaa, na hakikisha ameondoa akaunti yake kabla hujatoa hela.