Tunakula sufuria moja, mbona mimi ndiye ninayenenepa?

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Pasua, Moshi, nina miaka 38, ni fundi cherehani. Naishi na mdogo wangu anayeuza mitumba Memorial. Tunakula pamoja, machalari, kiburu, wali, lakini yeye hanenepi na mimi nimefika kilo 86. Naambiwa umetaboli wangu, yaani jinsi mwili unavyochoma chakula, ni wa polepole na umri umeushusha, ninunue vidonge vya kuuamsha. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Vidonge achana navyo kabisa. Dawa za aina hiyo zimewahi kukutwa na sibutramine, dawa ya kupunguza hamu ya kula, bila kuandikwa kwenye kopo, na sibutramine iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuhatarisha moyo.

Umri nao usiusingizie. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliopima watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, ulionyesha kwamba ukizingatia ukubwa wa mwili, matumizi ya nishati hayashuki kati ya miaka 20 na 60. Tena mwili wako, kwa kuwa ni mkubwa, kwa kawaida unachoma kalori nyingi kuliko wa mdogo wako hata mkiwa mmelala.

Hata hivyo miili haifanani. Mwaka 1999 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, waliwalisha watu 16 kalori 1,000 za ziada kila siku kwa wiki nane. Mmoja aliongeza mafuta ya mwili chini ya nusu kilo, mwingine zaidi ya kilo nne! Kilichowatofautisha zaidi hakikuwa mazoezi. Ni mijongeo midogo ambayo mtu haihesabu: kusimama, kugeuka, kutingisha mguu, kwenda na kurudi. Wengine wakishiba mwili wenyewe huanza kuchangamka, wengine hutulia. Kwa sehemu hilo ni la kurithi. Mapacha wa kufanana walipolishwa kupita kiasi, kila jozi iliongezeka kwa kiasi kinachokaribiana. Kwa hiyo asikuambie mtu kwamba wewe ni mlafi au mvivu.

Sasa tazama siku zenu. Mdogo wako amesimama tangu asubuhi, anainama kwenye marobota, anatundika nguo, anafuata wateja. Wewe umekaa kwenye cherehani. Sahani haionyeshi hilo.

Na kula sufuria moja si kula kiasi kimoja. Anayepika huonja, humalizia ukoko, hujazia kidogo asitupe. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120. Kwa wiki moja pima mafuta kwa kijiko badala ya kumimina, na andika kila kinachoingia mdomoni, soda na chai ya maziwa ya mchana zikiwemo. Inuka kwenye cherehani kila unapomaliza kipande. Ningeanzia hapo kabla ya kufikiria kukimbia asubuhi.

Kuna hali moja ambayo umetaboli hupungua kweli: tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, ikizembea. Ukiwa unasikia baridi wenzako wakitoa jasho, choo kigumu, ngozi kavu, nywele zinakatika, uchovu usioisha, au hedhi imevurugika, nenda hospitali uombe kipimo cha damu cha TSH, kinachoonyesha kama tezi hiyo inafanya kazi vizuri. Ni ugonjwa unaotibika kwa vidonge, ila hivi vya daktari. Na kama unatumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, au dawa za steroidi, mwambie daktari siku hiyohiyo, maana zote mbili zinaweza kuongeza uzito. Usiziache mwenyewe kabla hamjazungumza.