Usitie mbegu Bamba kwa mvua uliyoiona Mtwapa

Simamisha hiyo trekta kwanza. Unauliza mbegu gani ya mahindi, tangi la lita ngapi, na kama mbuzi wanalipa. Lakini kilichonishtua ni yale uliyoandika kabla ya maswali: ekari sita ziko Bamba, bara ya Kaunti ya Kilifi, wewe unakaa Mtwapa, ufuoni, juzi imenyesha mpaka maji yakaingia dukani, utabiri umesema Pwani mvua itakuwa juu ya wastani, na Jumamosi unapeleka kilo sitini za mbegu kwa pesa ya chama, kile kikundi chenu cha kuchangiana. Mdogo wangu, hiyo ni hadithi yangu. Jina la kijiji tu ndilo limebadilika.

Mimi naishi Kilifi mjini, shamba la marehemu baba liko upande wa Vitengeni, bara pia. Masika ya 2021, usiku wa pili wa mvua, sikulala kwa furaha. Mabati yalivuma hadi alfajiri. Kulipokucha nikampigia kijana anayetuangalizia shamba, nikamwambia apande. Akaniuliza, "Kaka, mvua ipi? Huku ni manyunyu, vumbi tu limetulia." Nikamwona mvivu. Nikamjibu kwamba mvua inatoka baharini, itawafikia kesho. Wakapanda ekari nne kwa siku mbili, vibarua wanane, nami nikatuma pesa yote kwa simu nikiwa nimekaa barazani natazama madimbwi.

Manyunyu yale yalitosha kuiamsha mbegu, hayakutosha kuilea. Ikachipua vizuri, kijana akanitumia picha, nikamwonyesha kila mtu. Halafu jua likawaka wiki tatu bila tone. Nilipofika, miche ilikuwa imekauka hadi ukiishika inavunjika. Mama alitembea mstari mzima akifukua mashimo kwa kidole, akitafuta kama kuna mbegu iliyobaki nzima. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo bado linaniuma kuliko deni.

Na kosa halikuishia hapo. Wingu jingine lilipotanda Kilifi, nikakopa tena, nikapanda tena, nikasema safari hii haiwezi kukosa. Ilikosa. Tarehe 8 Septemba mwaka huohuo serikali ikatangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Vuli yake ikafeli pia. Wanaolima kule wanakumbuka: misimu mitano mfululizo, tangu vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022. Mimi nilikuwa nalipa mkopo wa mahindi ambayo hata mbuzi hawakuyala.

Hasira yangu kubwa ni kwa yule muuza pembejeo. Nilimwambia shamba liko wapi, tena nilimtajia njia ya kufika. Akanijibu, "Utabiri ni wa kaunti nzima, wahi kabla mbegu hazijaisha," akanifungia kilo arobaini. Hakuniuliza udongo umelowa hadi wapi, wala nani ameiona mvua hiyo kule. Mtu anayeuza mbegu kwa wakulima miaka yote hiyo anajua tofauti ya ufuoni na bara. Alinyamaza kwa sababu kilo zilikuwa zinatoka.

Sikiliza namna mambo yalivyo. Ukanda wa bahari wa Kilifi hupata hadi milimita 1,300 kwa mwaka, lakini ukiingia bara kabisa kiwango kinashuka hadi kama 300. Kaunti ileile. Hata msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao ni mmoja, upande wa mashariki hupata zaidi ya milimita 1,000, na upande wa kaskazini-magharibi karibu 600. Wakati wa masika upepo wa kusi unakuja na unyevu wa bahari, mvua nyingi inamwagika karibu na ufuo, kule ndani inafika iliyobaki. Zaidi ya hapo huko bara mvua huja kwa wingu mojamoja: jirani wa kilomita tatu analowa, wewe unabaki kutazama. Na "juu ya wastani" maana yake ni juu ya wastani wa mahali penyewe. Wastani wa Bamba ni mdogo tangu mwanzo. Tena jumla ya msimu haikuambii kama siku ishirini za jua zitakaa katikati yake.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, na kwa ajili yake nimegombana hata na shemeji zangu: mbegu haiingii ardhini mpaka kopo la kupimia mvua lililo ndani ya shamba lenyewe lisome milimita 20 ndani ya siku tatu, na ukichimba ukute unyevu unapita kina cha kiganja. Hiyo milimita 20 kwenye ekari moja ni kama lita 81,000 za maji. Hakuna tangi litakalokupa hizo. Wanaocheka kopo langu wacheke, daftari langu linajua siku gani nilinusurika.

Kipimamvua cha plastiki ni kizuri ukikipata. Usipokipata, chukua kopo lenye kuta zilizonyooka, upana wa juu sawa na wa chini, likae wima mahali peupe. Mti au paa viwe mbali angalau mara mbili ya urefu wa mti au paa hilo, la sivyo unapima matone ya majani. Kila siku saa tatu asubuhi mtu atumbukize rula, aandike, amwage. Akichelewa hadi mchana, jua limeshakunywa sehemu. Hata siku kavu aandike sufuri, maana sufuri nne mfululizo ndizo zitakazokuzuia kutuma pesa ya vibarua.

Vuli ya 2023, ya El Niño, barabara zilikatika kwa mafuriko na kila mtu alikuwa anapanda. Mimi nilingoja kopo. Majirani waliona nimerogwa na ukame. Siku lilipofika milimita 20 nikapanda, na mama alivuna.

Unasema una mjomba anayekaa hukohuko Bamba. Mpigie leo, mwombe aweke kopo jioni hii. Chama chenu kikikushinikiza, waonyeshe ujumbe huu. Na Jumamosi, kabla hujamlipa mwenye trekta, tuma hapa picha ya rula ndani ya kopo.