Sebule ya ghorofa la zamani kwa ajili ya muziki: shughulikia chumba kwanza, spika zitafuata

Mkuu, umesema umepata flati ya zamani Upanga: sebule ya mita 4.2 kwa 3.5, dari mita 3, chini sakafu ya teraso, madirisha ya luva (vipande vya vioo vinavyofunguka kwa pamoja). Unauliza ununue amplifaya gani, na kama ubandike trei za mayai ukutani. La trei nalimaliza hapa hapa: usibandike. Zinapunguza kidogo sauti kali za juu, nyingine zote zinabaki zilivyo, na moto ukizishika hazikupi nafasi. Amplifaya nayo iache dukani kwa sasa.

Naishi kwenye nyumba ya aina hiyo. Kuta zimepigwa plasta ngumu, zege juu, zege chini, hakuna kinachomeza sauti. Simama katikati ya sebule ikiwa tupu upige kofi moja. Utasikia "trrrr" kavu ikikimbizana kati ya kuta mbili zinazotazamana. Hiyo ndiyo itakayopanda juu ya sauti ya kila mwimbaji, hata ukileta spika za milioni 10.

Besi ni kesi nyingine. Kwa joto la Dar, sauti husafiri kama mita 349 kwa sekunde. Gawa kwa urefu wa chumba chako mara mbili, yaani 8.4, unapata hezi (mitikisiko kwa sekunde) 41 na nusu, sauti ambayo urefu wa chumba chako huikuza. Waya mnene kuliko zote wa gitaa la besi, ukipigwa bila kubonyezwa popote, unatoa hezi 41. Kwa hiyo noti hiyo chumba chako kitaipokea na kuivimbisha, na ukikaa kochi likiwa limegusa ukuta wa nyuma utadhani mpiga besi kalewa. Upana unakupa karibu hezi 50, dari 58. Zile sponji nyembamba zinazouzwa kama "za studio" hazigusi kabisa eneo hilo, maana wimbi la hezi 41 lina urefu wa zaidi ya mita 8. Zitakachofanya ni kuua sauti za juu tu, ubaki na chumba kizito kinachovuma.

Dawa ya kwanza haina gharama. Spika zikae upande wa ukuta mfupi, zitazame urefu wa chumba, zikiwa kama sentimita 70 kutoka ukutani. Kochi livute mbele hadi kichwa chako kiwe mita 1.6 hivi kutoka ukuta wa nyuma. Hapo ni pa kuanzia tu, halafu sogeza kidogo kidogo huku wimbo wenye besi unaoujua vizuri ukicheza. Sentimita 20 za kochi zinaweza kubadilisha besi kuliko amplifaya mpya. Najua nyumbani watalalamika kochi kukaa katikati ya sebule. Hilo mtayamaliza wenyewe.

Dawa ya pili ni seremala. Mwambie akuundie fremu za mbao zenye kina cha sentimita 10 hadi 15, ujaze pamba ya mwamba (rockwool), ile inayofungiwa mabomba ya mvuke viwandani. Haiwaki. Sufi na pamba ya kawaida ziache, zinawaka na kwa unyevu wa pwani zitaota ukungu. Vaa glavu na barakoa unapoijaza, inawasha vibaya. Funika kwa marekani au kitambaa chochote ambacho ukikiweka mdomoni ukapuliza, pumzi inapita. Ukitumia kitambaa cha plastiki umepoteza hela. Fremu isigusane na ukuta, acha nafasi ya sentimita 5 hadi 10 nyuma yake: inasaidia kukamata sauti za chini zaidi, na masika yakija hewa inapita ukuta usichafuke. Pa kutundika utapajua kwa kioo cha kujitazamia. Wewe kaa kwenye kochi, mtu akitelezeshe kioo kwenye ukuta wa pembeni, na pale utakapoiona spika ndani ya kioo ndipo mahali pake. Zikibaki, zipange kwenye kona kutoka chini hadi juu, ndiko besi inakojazana. Zulia zito mbele ya kochi, basi. Teraso usiifunike yote, ni nzuri mno.

Luva zinahitaji subira. Cheza toni ya majaribio ukipandisha taratibu kutoka hezi 30 hadi 100, huku unagusa kioo kimoja kimoja kwa kidole. Kwangu vilikuwa vinalia viwili tu, vya chini kabisa, kwa sababu vishikio vya alumini vilikuwa vimelegea. Nilikata vipande vya tyubu ya baiskeli nikavichomeka kati ya kioo na kishikio, kelele ikaisha. Upande wenye dirisha weka pazia zito, vinginevyo kushoto na kulia havitafanana. Kupima hilo, rekodi za zamani za dansi za RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam) ni mwalimu mzuri: nyingi ni mono, yaani sauti ni ileile kushoto na kulia, kwa hiyo mwimbaji lazima asimame katikati kabisa ya spika mbili. Akivutwa upande mmoja, chumba ndicho kinachomvuta.

Umeme usiuguse mwenyewe. Majengo ya umri huu mengine yana soketi zisizo na waya wa ethi (wa usalama, unaopeleka ardhini umeme uliovuja), au upo lakini haufiki popote. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA apime, kisha akuvutie laini ya peke yake kutoka kwenye DB (kisanduku cha breka), waya wa milimita za mraba 2.5 na breka ya ampea 20. Mtu akikwambia ukate pini ya ethi ili mvumo wa spika uishe, mkimbie. Na kabla hujatoboa ukuta, soma mkataba wako wa upangaji. Kama nyumba ni ya Shirika la Nyumba, omba kibali cha maandishi.

Jambo moja wengi wanalichanganya: fremu hizi hazizuii sauti kutoka. Zinasafisha unachosikia wewe, jirani wa chini ataendelea kusikia besi kupitia zege. Spika zikalie raba nene, weka raba pembezoni mwa mlango, na shuka ukamsalimie umuulize saa zipi zinamsumbua. Mimi saa 3 usiku nashusha sauti, na hatujawahi kugombana.

Piga picha kuta zote nne na uonyeshe mlango uko wapi. Pia sema kiasi ulichotenga baada ya kutoa hela ya seremala na fundi umeme, ndipo tuzungumze spika.