Likizo ya Juni Moshi: watolee bao
Dada, umeuliza wanao na rafiki zao wafanye nini jioni za likizo hii, maana baridi ya Moshi inawafungia ndani na wanaishia kwenye simu. Mimi nasema wape bao. Wasianze na namua, yaani hatua ya kuingiza ubaoni kete za mkononi, inawachosha wageni: kila mtu ana kete 10 tu ubaoni na 22 mkononi, halafu nyumba, lile shimo maalumu la kila mchezaji, ina sheria zake. Waanzie bao la kujifunza. Mashimo 32, kila shimo kete 2, kazi ni kusambaza na kula. Hata mtoto wa darasa la pili anashika upesi. Kama hamna ubao, wachimbe mashimo uani na kuokota kokoto 64, siku jua likijitokeza lakini.

Drafti nayo haina gharama: boksi gumu, kalamu ya kuchorea miraba 64 na vifuniko 24 vya soda. Mmoja anavipanga vikitazama juu, mwenzake vikitazama chini. Karata najua wanazo.

Runinga usiwanyime kabisa. Tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, watoto wamebanana kwenye mkeka mmoja na chai ya tangawizi, wanabishana nani anadanganya, hiyo ni raha yao na ni nzuri. Ila kubalianeni mapema: sehemu ya leo ikiisha runinga inazimwa, na aliyeshindwa jana ndiye anaanza kwenye bao.