Tangi la nyuma ya kiti kwenye Chevrolet C10: nilivyolihamisha langu

Ndugu, umeuliza kama ni busara kutoa tangi la petroli la nyuma ya kiti kwenye pickup yako ya C10 ya 1970, maana kebini inanuka petroli na watoto wanapanda humo, na fundi anataka kulifunga ndani ya bodi, pale nyuma pa mizigo. Kulitoa, litoe. Ila hapo kwenye bodi sikubaliani naye.

Yangu ni ya 1968. Tangi la lita 75 hivi limesimama kati ya mgongo wako na bati la kebini, na shingo ya kujazia inapita humo humo hadi ubavuni. Nilivumilia harufu miaka miwili nikidhani ni kabureta. Siku moja kwenye foleni ya Jogoo Road, Nairobi, jua la saa nane, binti yangu akatapika. Jioni nikang'oa kiti, nikapapasa ile hosi ya shingo. Raba ilikuwa na nyufa kama kisigino cha kiangazi, na kidole kilitoka kimelowa.

Kuhusu mahali, weka katikati ya reli mbili za chasisi, nyuma ya ekseli, pale stepni inaponing'inia. Usishawishike na ubavuni. General Motors wenyewe walilitoa tangi kebini kuanzia modeli za 1973, wakaliweka nje ya reli, na pickup zilizogongwa ubavuni zikawaka moto. Kesi ziliandamana hadi 1994 walipokubaliana na serikali ya Marekani kutoa zaidi ya dola milioni 51 kwa miradi ya usalama. Ndani ya bodi nako utapoteza nafasi ya mzigo, na siku ya kubeba mawe au vyuma utakuwa na wasiwasi njia nzima.

Wamarekani wengi hufunga tangi la Blazer, gari jingine la Chevrolet, ya miaka hiyo. Mimi kuagiza kulinishinda, nikatengenezewa jipya Industrial Area kwa bamba la milimita 2, ndani likiwa na vizuizi vitatu vyenye matundu ili mafuta yasirukeruke. Pima ukiwa na mzigo, tumbo la tangi lisishuke chini ya difu (lile duara la gia katikati ya ekseli ya nyuma), maana matuta yetu unayajua. Mikanda ya chuma iwe na raba chini yake, la sivyo maji hukaa hapo na kutu inaanza. Ekzosi isogezwe mbali, na ikibidi ipite karibu, weka bati la kukinga joto.

Geji ndiyo iliyoniumiza. Nilinunua boya, kile kifaa cha ndani ya tangi kinachoiambia geji kiasi cha mafuta, la pickup ya Kijapani Kirinyaga Road kwa sababu lilikuwa bei nafuu. Geji ya Chevrolet husoma omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 0 tangi likiwa tupu na 90 likijaa, lile la Kijapani ni kinyume. Nilikuwa sijui. Mshale ukawa unapanda kadiri ninavyoendesha, nami nikafurahi kwamba gari halili mafuta, hadi likazimika Thika Road, karibu na Roysambu, mshale ukiwa umesimama kwenye F. Tafuta la omu 0 hadi 90, hata kama utalisubiri mwezi.

Halafu tangi lazima lipumue. Gari likienda vizuri kilomita kumi kisha likakosa nguvu, fungua kifuniko. Ukisikia "fyuuu" na injini ikarudi, kipumuo kimeziba au hakipo. Hosi ya kipumuo ipande juu kuliko shingo ya kujazia, na iwe na vali inayofunga gari likipinduka. Shingo yenyewe iteremke moja kwa moja bila kubonyea, ama petroli itakurukia pale pampu.

Pampu ya injini bado inavuta vizuri kutoka huko nyuma. Ukipenda ya umeme, ikae karibu na tangi na chini, kwa sababu inasukuma vizuri kuliko kuvuta, na iwe na swichi ya kuizima gari likigongwa.

Ombi langu kubwa: mtu yeyote asipige welding kwenye tangi la zamani, hata akikuambia amelijaza maji au amelikausha juani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hujificha kwenye pembe na mishono. Litoe, lipeleke mbali, kebini ilale milango wazi, ndipo tundu la shingo lizibwe kesho yake. Tangi jipya lijaribiwe kwa maji kabla halijapanda garini, likaushwe kabisa, kisha utie lita kumi tu na ulale chini na tochi ukague kila klampu kabla ya kujaza.

Stepni yangu sasa imesimama ndani ya bodi, nimeifunga ukutani kwa boliti mbili.