Fundi anasema geti valvu moja inatosha, nimsikilize?

SWALI: Habari za kazi fundi. Najenga huku Nzuguni, Dodoma, tumefika bafuni, mabomba ya plastiki ya PPR yashalazwa na wiki ijayo mtu wa tailizi anaanza. Fundi bomba wangu anasema niweke geti valvu moja tu kule nje inatosha, nyingine eti ni kumaliza hela. Bafu lina choo cha kukaa, sinki, shawa na hita, maji yanashuka kutoka tenki la juu ya mnara, kama mita 3 hivi. Nichukue koki gani na ngapi?
Dada wa Nzuguni

JIBU: Salama dada. Hapo usimsikilize, ila usigombane naye, mwambie tu hela ya koki unatoa wewe.

Mimi mwenyewe niliweka geti valvu kwangu, ile koki ya kuzungusha kigurudumu, nikaifungua siku ya kwanza nikaisahau miaka kama minne. Siku hiyo saa nane usiku mpira wa choo ukapasuka, maji mpaka koridoni, nakimbilia nje kufunga geti haigeuki, nikaikamata na pleya nikakaza, kile kigurudumu kikabaki mkononi! Ikabidi nipande mnarani tochi mdomoni nikazibe tundu la tenki na tambara. Kesho yake tulipoitoa, uzi wa ndani umeganda ukoko mweupe, ule ule unaoubandua kwenye birika la chai. Maji yetu ya visima vya Mzakwe yana chumvichumvi nyingi, kitu chenye uzi mrefu ndani kikikaa bila kuguswa kinashika.

Kwa hiyo koki kuu ya bafu chukua boli valvu, ile ya mkono unaogeuza robo tu. Mkono ukilala sambamba na bomba maji yanapita, ukikaa msalaba yamefungwa, hata mtoto unamfundisha. Ila usiiache nusu nusu kupunguza maji, inakula mpira wa ndani, na ifunge taratibu. Dukani ifungue uichungulie: tundu liwe pana sawa na bomba lenyewe. Kuna zinazobana katikati, na wewe huna presha ya kuchezea, kila mita 10 za kimo ndio zinakupa presha ya baa 1, sasa mnara wa mita 3 na shawa iko mita 2 toka chini, hesabu mwenyewe kilichobaki.

Halafu sinki na choo kila kimoja kiwe na engo valvu yake ya nusu inchi, ile koki ndogo ya kona inayotokea ukutani, sinki la maji ya moto na baridi zinakuwa mbili. Boya la choo likiharibika unafunga hapo hapo, watu wanaendelea kuoga. Chukua za brasi za kugeuza robo, zipime kwa mkono, brasi ni nzito, zile nyepesi zinazong'aa sana uzi wake hukatikia ukutani na hapo unavunja tailizi. Shawa weka ile ya kufukia ukutani inayofunguka kwa mbele, sio boli valvu ya kawaida unaizika na simenti, utailia.

Hita iwekee koki kwenye maji baridi yanayoingia, ila isikae kati ya hita na sefti valvu yake. Hiyo sefti ndio inapumua maji yakichemka, ukiizuia ni hatari kweli.

Zote ziwe mahali mkono unafika bila kulala chini. Na kila mwezi zifunge ufungue, sekunde tu.

Kabla ya tailizi mwambie fundi azibe ncha zote na plagi za bomba ajaze maji, kama ana pampu ya kupimia presha ni bora zaidi, yalale humo usiku kucha. Asubuhi pitisha mkono kila jointi, kukiwa kukavu ndio umpigie simu mtu wa tailizi. Geti valvu kama ilishanunuliwa ipeleke bomba la bustani.