Kabla hujapeleka ombi la ufilisi Mtwara

Duka langu la Masasi lilikuwa na madaftari mawili, la wanaonidai na la ninaowadai, na hilo la pili ndiko matatizo yalikoanzia. Wateja wangu karibu wote ni wakulima wa korosho. Wanachukua unga na mafuta tangu wakati wa kupulizia dawa, wanalipa pesa ya mnada ikiingia. Msimu wa 2018 pesa ilichelewa. Nilikuwa na mkopo wa benki, nikachukua kausha damu, yaani mkopo wa mtaani wa riba kubwa, ili nilipe rejesho la benki. Nakusihi, usifanye hivyo. Kilichonizamisha si korosho, ni ule mkopo wa kulipia mkopo.

Nikaamua niombe kutangazwa mufilisi, yaani mahakama itamke kuwa siwezi kulipa madeni yangu. Nilianzia Mahakama ya Mwanzo, nikapoteza nauli bure: ombi hilo, chini ya Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, hupelekwa Mahakama Kuu, ambayo kwa watu wa Lindi na Mtwara ipo Mtwara mjini. Amri ikitoka, wadai hawawezi kukufungulia kesi mpya bila ruhusa ya mahakama, na mali yako inasimamiwa na RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Wengi tunawajua kwa vyeti vya kuzaliwa tu. Utaorodhesha mali na madeni yako yote kwa kiapo. Pikipiki uliyoihamishia jina la shemeji juzi inaweza kurudishwa kwenye hesabu. Na ombi likishaingia, huliondoi bila ruhusa ya mahakama. (Kama biashara yako ni kampuni iliyosajiliwa, njia yake ni Sheria ya Makampuni ya 2002.)

Msaidizi wa kisheria ndiye aliyenizindua kwa swali moja: "Kaka, dhamana ya benki ni nini?" Ilikuwa nyumba. Akanieleza kuwa ufilisi haumzuii mwenye rehani kuuza alichowekewa rehani. Ningetangazwa mufilisi, na nyumba ingeuzwa vilevile.

Hapo ndipo nilipomweleza mke wangu ukubwa wa deni. Alikuwa amesaini ridhaa ya kuweka nyumba rehani, ila sikumwambia mengine yaliyofuata. Najuta mpaka leo. Tulikwenda benki pamoja na daftari la wadaiwa, kabla ya ile notisi ya siku 60 inayotangulia kuuzwa kwa nyumba, tukaomba marejesho makubwa yawe Oktoba hadi Desemba, wakati wa minada, badala ya kila mwezi sawasawa. Wakakubali. Kama kipato chako ni cha msimu, omba ratiba ya msimu, na uombe ukiwa bado hujachelewesha rejesho.

Kwa wale wa kausha damu, dai nakala ya mkataba na uone leseni yao. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inawataka wawe nayo. Kadi yako ya benki usimwachie mtu. Mimi niliwaachia hao wa kausha damu, na mwezi ulioingia pesa ya kwanza ya wateja sikubakiwa na ya kununua hata gunia la unga.